Nyasi Zisizokaliwa

Avril Munns alipika chakula cha watoto wa shule mpaka alipostaafu, na katika miaka yote hiyo hakuna gunia la viazi lililoingia jikoni kwake bila yeye kusoma karatasi ya mzigo kuanzia juu hadi chini. Dereva aliyeleta karoti pungufu aliondoka nazo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, asiyepandisha sauti, na nusu ya watu wazima wa mji wetu wa Kettering walikuwa wamewahi kumwogopa wakiwa na sahani mkononi. Kwa hiyo inashangaza kidogo kwamba kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kununua maishani mwake alikinunua bila kukisoma.

Hata hivyo hakuwa peke yake. Huku kwetu ukinunua fleti unalipa bei yote, unapewa funguo, unapaka ukuta rangi uipendayo, lakini ardhi iliyo chini ya kitanda chako inabaki kuwa ya mtu mwingine, na wewe ni mpangaji wake kwa miaka mia kasoro mmoja. Mambo yote yaliyo yako na yasiyo yako yameandikwa katika mkataba wa pango. Mkataba huo unaheshimiwa na kila mtu, unatajwa kwa sauti ya chini kama marehemu babu, na haujasomwa na yeyote. Wakili hukuwekea alama ya penseli pale pa kutia saini, nawe unatia, kisha unaenda kununua mapazia. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni jambo la aibu kwingineko, lakini hapa ni utaratibu wa kisheria.

Sababu ya kununua ilikuwa mapafu ya Desmond, mume wake. Desmond alifanya kazi kiwanda cha viatu, upande wa gundi, chini ya taa za umeme ambazo hazikujua mchana wala usiku, na gundi ile ilimdai baada ya kustaafu. Sasa alipumua kwa msaada wa mashine iliyochomekwa ukutani, na kutoka kwenye mashine ulitoka mpira mrefu mwembamba ulioishia puani mwake. Nyumba yao ya zamani ilikuwa na ngazi alizozipanda kwa awamu, akipumzika katikati na kusoma gazeti. Daktari wao, kijana mpole, aliwaambia wapange mambo ya kiangazi hiki.

"Na Krismasi je?" Desmond aliuliza.

"Tutaona," alisema daktari.

Kwetu daktari akisema tutaona, watu wenye busara hupeleka suti nyeusi kwa dobi. Desmond alitembea polepole hadi kwenye gari. Kisha akasema kwamba hataki kwenda kokote wala kumwona yeyote. Anachotaka ni kukaa nje, kwenye jua, juu ya kiti, bila mtu kumwuliza anajisikiaje.

Basi Avril akatafuta, akapata fleti ya chini katika nyumba ya matofali mekundu iliyogawanywa sehemu tatu, na mlango wa jikoni wa fleti hiyo ulifunguka moja kwa moja kwenye bustani. Palikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri, ukuta wa mawe, na mti mmoja wa peasi. Avril alipima kwa macho kutoka kwenye soketi ya jikoni, akaona mpira wa oksijeni utafika hadi kwenye mti na kubaki. Hapo ndipo aliponunua. Hakuona haja ya kuuliza bustani ni ya nani, maana mlango ulifungukia huko, na kwa akili yake mlango haufungukii mahali pasipokuhusu.

Walihamia mwezi wa nne. Mvua ikanyesha, kama inavyostahili. Siku ya kwanza ya joto, Avril alitoa kiti, akamtoa Desmond, akamkalisha, akarudi ndani kuchemsha maji. Birika halijachemka, mlango wa mbele ukabishwa. Alikuwa Bwana Frisby wa fleti ya katikati, mzee mrefu aliyestaafu ofisi za halmashauri, idara ya maegesho ya magari.

"Bi Munns, samahani sana. Sipendi kabisa kusumbua watu," alisema. "Ni kuhusu kile kiti."

"Kiti gani?"

"Kile. Kimekaa kwenye nyasi."

"Ndiyo kazi ya viti, Bwana Frisby."

"Bila shaka, bila shaka. Ila kuna mkataba. Mkataba hauruhusu kukaa bustanini. Si mimi ninayesema, naomba unielewe."

"Mkataba unasema watu wasikae?"

"Tangu zamani. Mimi nakata nyasi kila Jumamosi, na hata mimi sijawahi kukaa."

Desmond alikuwa akisikia kupitia mlango wa jikoni. "Mwulize," alisema kwa pumzi aliyokuwa nayo, "nikisimama je?"

Bwana Frisby alilifikiria swali hilo kwa uadilifu mkubwa. "Sidhani kama kusimama kumegusiwa," alisema.

Avril alikiondoa kiti kwenye nyasi. Angeweza kumwambia mzee yule apande juu akalale, na mkono wake wa kulia ulitamani kushika mwiko, lakini alikuwa mgeni katika nyumba, na mtu wa kwetu yu radhi aumwe na nyuki kuliko kugombana na jirani kabla hajafungua maboksi yote. Alimrudisha Desmond ndani. Jua liliwaka siku tatu mfululizo, na Desmond alilitazama kupitia kioo cha dirisha huku akisema kwamba kioo ni kisafi sana, hongera.

Siku ya nne Avril alimkuta Bwana Frisby ukumbini akipanga barua za watu kwa ukubwa.

"Bwana Frisby, ningeweza kuuona mkataba wako? Mara moja tu."

Mzee alibadilika rangi. Mtu wa Kettering humwonyesha jirani yake kovu la operesheni bila kuombwa, lakini karatasi zake za nyumba ni siri ya chumbani. "Wangu," alisema, "uko benki." Akapanda ngazi haraka kuliko umri wake.

Alibaki Bi Tapsell wa fleti ya juu kabisa, mwanamke mwembamba aliyefundisha piano, ambaye hakuna aliyemwona isipokuwa kama kivuli dirishani. Avril alimvizia siku ya kutoa takataka.

"Mkataba?" alisema Bi Tapsell. "Nina hakika upo mahali fulani. Bwana Frisby ndiye anayejua mambo hayo. Tangu nihamie, miaka thelathini na ushee, tunamwachia yeye."

"Na hujawahi kukaa bustanini?"

"Ah, hairuhusiwi, mpenzi. Lakini naitazama kila asubuhi. Ukiwa juu inapendeza sana. Unaiona yote."

Akasema hivyo kwa furaha, na Avril akajua hapa hapana msaada. Ilibidi apate mkataba wake mwenyewe, ule ambao saini yake ilikuwa chini yake. Akampigia simu wakili. Wakili aliyeshughulikia ununuzi alikuwa kwenye likizo ya uzazi, na simu ikashikwa na binti wa mapokezi mwenye sauti ya asali.

"Tulikutumia tayari, Bi Munns. Tulikutumia kiungo kwenye barua pepe."

"Nimekibonyeza. Kinasema kimekwisha muda."

"Ndiyo, kinaisha baada ya mwezi."

"Mkataba wa miaka tisini na tisa mmeuweka kwenye kitu kinachoharibika kabla ya jibini?"

Binti alisema hilo ni swali zuri sana. Kisha akasema jalada lenyewe limepelekwa ghalani, ghala liko mji mwingine, na litaombwa, na likiombwa litaletwa, na likiletwa watatoa nakala.

"Lini?"

"Tutawasiliana nawe," alisema binti. Huku kwetu hiyo ni namna ya kuagana.

Avril hakuwa mtu wa kungojea. Alienda maktaba, akaomba kompyuta, akaandika kwamba anataka hati za nyumba yake. Ukafunguka ukurasa wenye nembo iliyofanana na taji, akajaza, akalipia kwa kadi ya benki, akarudi nyumbani na karatasi tatu. Desmond alivaa miwani, wakasoma pamoja mezani. Karatasi zilisema kwamba Avril Jean Munns ndiye mwenye fleti ya chini. Zikasema kwamba anaishikilia kwa mujibu wa mkataba wa pango. Zikataja tarehe ya mkataba huo, na hapo zikaisha.

"Kwa hiyo mkataba upo," alisema Desmond.

"Nilijua upo."

"Sasa unajua rasmi."

Ikawa kwamba ukurasa ule haukuwa wa Masjala ya Ardhi kabisa, ulikuwa wa wajanja fulani wanaokaa mlangoni pa masjala, na walichomuuzia ni dondoo la daftari, wala si mkataba. Mkutubi alimwambia kwamba watu wengi wazuri wamepitia hapo. Avril aliona haya usoni, mwanamke ambaye hakuna muuza karoti aliyewahi kumpata.

Mwezi wa sita ukaingia. Desmond alikuwa amezoea kuweka kiti chake ndani ya kizingiti cha mlango wa jikoni, mbele kabisa, ambako jua lilimfikia magotini kabla halijazunguka nyuma ya ukuta. Alisema magoti yake hayajawahi kuwa na afya kama hiyo. Avril alicheka, kisha akaenda kupiga simu ya wakili tena, na tena, akiuliza kwa adabu ileile, mpaka binti wa mapokezi akaanza kumtambua kwa pumzi. Nadhani walitafuta jalada lile ili wapumzike na adabu yake.

Nakala ilikuja kwa posta, nene kama kitabu cha nyimbo. Avril alifuta meza, akatengeneza chai, akasoma kila neno kwa sauti. Mkataba ulimkataza kufuga kuku. Ulimkataza kuanika nguo dirishani siku ya Jumapili. Ulimtaka aweke zulia au mkeka katika kila chumba ili asimsumbue aliye chini yake, ingawa chini yake palikuwa na udongo. Kuhusu kukaa kwenye nyasi haukusema neno.

"Haukusema!" alisema Avril. "Desmond, haukusema hata kidogo!"

"Endelea kusoma. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akaendelea. Ukurasa wa mwisho kabisa ulisema kwamba fleti ya chini ni ile iliyozungushiwa mstari mwekundu kwenye ramani. Kwamba sehemu ya rangi ya buluu ni ya wote watatu. Na kwamba sehemu ya rangi ya kijani imetolewa kwa mmoja wao peke yake, kama ramani inavyoonyesha. Avril akafunua ramani. Nakala ilikuwa imetolewa kwa mashine ya rangi moja. Mstari mwekundu ulikuwa wa kijivu, buluu ilikuwa ya kijivu, na bustani yote, kutoka mlango wa jikoni hadi mti wa peasi hadi ukutani, ilikuwa ya kijivu safi kabisa.

Kisha Desmond akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Mstari huo ulisema kwamba mwenye fleti ya chini anayo haki, wakati wote na milele, ya kupita bustanini kwa miguu kwenda na kurudi kwenye mapipa ya taka.

"Avril," alisema, "nipe takataka."

Hivyo ndivyo Desmond Munns alivyoanza kupeleka taka. Alipeleka kopo moja la mtindi asubuhi na jingine baada ya chakula cha mchana, akiburuta mpira wake wa oksijeni nyuma yake kwenye nyasi, na kwa kuwa mkataba haukutaja mwendo, alikwenda polepole sana. Karibu na mti wa peasi alisimama, akaegemea shina, akafumba macho, akaelekeza uso juani, kopo likiwa mkononi kama kibali. Avril alisimama mlangoni akimhesabia pumzi bila kujionyesha. Siku ya pili Bwana Frisby alitokea kwenye dirisha la katikati.

"Bwana Munns! Uko salama?"

"Napeleka taka, Bwana Frisby."

"Naona umesimama."

"Nimechoka njiani. Mapafu yangu hayasomi mikataba."

Bwana Frisby alirudisha kichwa ndani. Hakuwa mtu mbaya, na siku iliyofuata Avril alikuta amesogeza mapipa mbali zaidi kidogo, hadi mwisho wa ukuta, ili safari irefuke. Hakusema kitu, nao hawakumshukuru, maana kumshukuru kungemwaibisha.

Lakini safari za Desmond zilikuwa zinafupika. Mwanzoni alifika kwenye mapipa. Baadaye aliishia kwenye mti, Avril akamalizia. Kufikia mwisho wa mwezi wa saba aliweza kusimama hatua chache tu kutoka mlangoni, akiwa ameshika fremu ya dirisha, halafu miguu ilitetemeka na ilibidi arudi. Mtu wa namna hiyo hahitaji njia ya kupita, anahitaji kiti. Avril alikuwa tayari ameiandikia Masjala ya Ardhi yenyewe, safari hii kwa fomu sahihi, akiomba mkataba wenyewe na ramani yake kwa rangi zake, na neno rangi alilipigia mstari. Kila asubuhi aliamka, akatazama mbingu, na kama palikuwa na jua alilichukia, kwa sababu lilikuwa linapotea bure.

Ramani ilifika katika wiki ya joto la mwezi wa nane. Ilikuwa na rangi zote. Fleti yao ilizungushiwa nyekundu. Ukumbi na njia ya mbele vilikuwa buluu. Bustani ilikuwa kijani kama chupa, na pembeni, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyekwisha kufa, palikuwa na maneno kwamba kijani inakwenda na fleti ya juu.

Avril alisoma mara mbili. Kisha akaketi.

"Ni ya Bi Tapsell," alisema. "Yote. Mpaka ukutani."

"Yeye anajua?"

"Hajui chochote. Anadhani hairuhusiwi."

Desmond alitazama nje. Nyasi zilikuwa pale, mita moja kutoka kwenye viatu vyake, zikiwaka. "Iweke kwenye droo," alisema. "Mwambie Frisby umesoma mkataba na kukaa kunaruhusiwa. Ataamini. Yule mtu maisha yake yote ameishi kwa kuamini. Na si uongo, Avril, ni nusu ya ukweli."

Avril hakukataa mara moja, na wasimulizi wanaokuambia watu wema hukataa mara moja hawajawahi kuwa na mgonjwa ndani. Alishika droo. Aliifungua. Ndani mlikuwa na vijiko na kamba na betri zilizokufa, na ramani ingelala humo vizuri sana hadi kiangazi kiishe, na ni kiangazi kimoja tu alichokuwa akiomba. Akawaza habari ya yule mwanamke wa juu, anayeona bustani yake yote kila asubuhi akidhani anaiba kwa macho.

"Siwezi, Des," alisema. "Mzigo wa jirani ukishushwa kwako kwa makosa, huuli."

"Najua. Nilikuwa nakujaribu tu." Hakuwa anamjaribu. "Nenda sasa, kabla sijafika mwenyewe kwenye hiyo droo."

Aliye juu mngoje chini, wasema wahenga, lakini Avril hakuwa na muda wa kungoja mtu ashuke. Alipanda ngazi zote, akapita mlango wa Bwana Frisby, akabisha kwa Bi Tapsell, akamwekea ramani kwenye kifuniko cha piano. Bi Tapsell alitafuta miwani. Alisoma kwa kidole, kama mtu anayesoma muziki asioujua.

"Na hii ya kijani?"

"Ni yako."

"Upande gani?"

"Wote, Bi Tapsell. Mti, nyasi, ukuta. Sisi tuna ruhusa ya kupita kwenda kwenye mapipa, basi. Bwana Frisby hana hata hiyo, anatakiwa kuzunguka kwa mbele."

Bi Tapsell alikwenda dirishani. Alitazama chini muda mrefu sana, na Avril akaona mabega yake yakipanda na kushuka. "Mama yangu alinitembelea hapa kila kiangazi mpaka alipokufa," alisema. "Alikuwa akiomba tukanywe chai chini. Nikamwambia, Mama, sheria ni sheria."

Avril alikuwa amejiandaa kuomba kiti kimoja, sentensi aliipanga kwenye ngazi, ilikuwa fupi na ya heshima. Lakini mwenzake alikwisha kugeuka.

"Bi Munns, umefanya jambo zuri kuniambia. Ningependa kuwa peke yangu huko kidogo. Natumaini hamtajali."

"Hatujali hata kidogo," alisema Avril, ambaye alijali kiasi kwamba alishuka akiwa ameshika ukuta.

Walimwona akija. Alipitia mlango wa pembeni akiwa amevaa viatu vya kanisani na mkoba mkononi, na alikuwa amebeba kiti cha mezani kutoka juu kabisa, peke yake. Alikiweka katikati ya nyasi, akakaa, akaweka mkoba mapajani, akatazama mbele kama mtu aliye kwenye chumba cha kusubiri cha daktari wa meno. Dirisha la katikati lilifunguka papo hapo.

"Bi Tapsell! Samahani sana! Kile kiti!"

"Ndiyo, Bwana Frisby?"

"Mkataba…"

"Nimeusoma," alisema Bi Tapsell. "Na wako unasemaje?"

"Kusema kweli," alisema Bwana Frisby, "benki yenyewe siku hizi ni mkahawa. Sikupenda kuingia kuuliza. Aliyekuwa katika fleti yangu kabla yangu ndiye aliyeniambia."

"Naomba basi usikate nyasi Jumamosi tena. Kelele zake zimenichosha tangu nihamie."

"Ungesema tu," alisema Bwana Frisby, kwa uchungu wa kweli. "Mimi mgongo unaniuma tangu nianze." Akafunga dirisha taratibu.

Ndani ya kizingiti, Desmond alikuwa kwenye kiti chake na jua magotini. Hakulalamika. Alisema yule mama anakaa wima sana, ataumia. Avril aliosha vyombo vilivyokuwa visafi. Alikuwa na hasira, tena si na Bi Tapsell, maana huwezi kumkasirikia mtu kwa kukaa kwenye nyasi zake. Alikuwa na hasira na penseli ya wakili, na kiungo, na kijivu, na nafsi yake iliyomwambia droo ile ifungwe. Jua lilitoka magotini kwa Desmond likashuka kwenye soksi.

Kisha kikasikika kikohozi. Bi Tapsell alikuwa amesimama nje ya mlango wa jikoni, mkoba mkononi.

"Samahani kuwasumbua," alisema. "Nimekaa. Nimeutazama mti. Nimeutazama ukuta pia. Sasa sijui kinachofuata." Akamgeukia Desmond. "Watu hufanya nini bustanini, Bwana Munns?"

"Hakuna, bibi," alisema Desmond.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa. Ila ni kazi kubwa. Haiwezekani kwa mtu mmoja."

Bi Tapsell aliwaza. "Basi ningekushukuru," alisema, "kama ungenionyesha."

Avril alibeba kiti kwa mkono mmoja na Desmond kwa mwingine. Mpira wa oksijeni uliburuzika kwenye nyasi hadi kwenye mti wa peasi, ukafika, ukabaki. Walimkalisha, na jua lote, si la magoti tu, likamwangukia usoni, kifuani na mikononi. Alifumba macho. Bi Tapsell aliketi kando yake, akamtazama anavyofanya, kisha naye akafumba macho kwa kujaribu. Avril alisimama nyuma ya kiti akiwa hana pa kuweka mikono yake, akingoja mume wake aseme neno alilokuwa akilingojea tangu daktari yule aseme tutaona.

Desmond alifungua jicho moja.

"Kali mno hili jua, Avril," alisema. "Hebu niletee kofia."

Akaenda kuileta. Aliipata upesi, ilikuwa kwenye ndoano ya kwanza. Lakini alikaa nayo ukumbini, gizani, akiwa ameikandamiza usoni kwa mikono miwili, mpaka walipomwita mara ya pili.